Spika za Mninga

Mamelodi, 14 Februari 1965

Kaka Madimetja,

Sote wazima, na mama ameniamuru nianze na magoti yake: yanauma, lakini kanisani bado anafika kabla ya mchungaji. Selborne imekwisha, kaka. Nyumba ya baba serikali imeiangusha tukiangalia, tukapakiwa kwenye lori pamoja na kabati na kuku, tukaletwa huku Mamelodi. Nyumba za huku zinafanana kama mayai. Juzi mama aliingia kwa watu akaanza kuwagombeza kwa nini wamehamisha meza yake.

Tladi, mwenzako wa bendi, tulimzika Novemba. Kifua kilimshinda. Nadhani wenzako wameshakuambia. Dada yake, Mapula, alilia mpaka sauti ikakauka.

Sasa habari kubwa. Sahani yenu ya santuri imetoka! Nimeiona dukani Marabastad: “Treni ya Saa Kumi na Moja, Wana wa Selborne, saksafoni: Madimetja Moabelo.” Nikamwambia muuzaji, “Huyo kaka yangu, tumbo moja.” Akasema, “Na mimi Waziri Mkuu ni binamu yangu.” Nikatoa pasi, akasoma jina la ukoo, akanifungia sahani kwa karatasi mpya kabisa.

Nimenunua nne. Tatu za kupigwa. Ya nne nimeizungushia kitambaa cha kanisani cha mama, iko juu ya kabati, na haitaguswa na sindano yoyote mpaka siku nitakayoisema mimi.

Sababu ni hii. Tuliipiga kwenye santuri ya mjomba. Mama akalia kwa furaha, majirani wakacheza, na mimi nikakasirika. Kaka, Krismasi ya mwaka juzi nilisimama chini ya jukwaa, hatua mbili tu kutoka kwako, na saksafoni yako ilinitikisa shati kifuani. Huyu wa kwenye santuri ya mjomba ni mtu mwembamba mwenye mafua, anapigia ndani ya ndoo. Si wewe hata kidogo! Kosa ni la spika. Nimeapa mbele ya mama: nitatafuta spika, nikizikosa nitaziunda, mpaka siku utakapokaa chumbani mwetu wewe mwenyewe, ingawa uko ng’ambo.

Mama anauliza kama Wazungu wa huko wanakupa chakula cha maana.

Mdogo wako,
Nakedi

*

Kopenhagen, 2 Mei 1965

Mdogo wangu Nakedi,

Barua yako imefika ikiwa imefunguliwa na kubandikwa tena kwa gundi mbaya. Basi tuandikiane mambo ya muziki na ya magoti ya mama, hayo hayamdhuru mtu.

Habari ya Tladi sikuwa nimeambiwa. Nimeipata kwako.

Hapa tunapiga mara nne kwa wiki. Watu wanasimama kwenye mvua kusubiri mlango ufunguliwe. Kila tulipo wanaomba “Treni”, nami nawapa. Mwambie mama nakula samaki na viazi, na nimenenepa.

Kuhusu sahani ile, usijisumbue. Ni dakika tatu tu za kijana aliyekuwa na haraka. Siku moja nitarekodi nyingine, nzuri zaidi, ndiyo utakayoitunza juu ya kabati.

Kaka yako,
Madimetja

*

Mamelodi, 22 Agosti 1971

Kaka,

Umekuwa kimya miaka miwili, nasi tumesema ni kwa sababu ya safari nyingi. Ile sahani nyingine bado tunaisubiri madukani.

Mimi nimeoa. Shemeji yako anaitwa Mokgaetji, mtu wa Moletjie, mrefu kunizidi. Siku ya kwanza kuingia sebuleni alitazama masanduku yangu mawili makubwa akauliza, “Nani amekufa?” Nikajua huyu ndiye.

Usicheke. Ni kweli nafanya kazi kwa mtu wa mazishi. Nakata mbao, nagundisha, napiga msasa, napaka vanishi, na hakuna mteja aliyewahi kurudi kulalamika. Lakini mkono uliozoea kufunga sanduku lisivuje hata unga ndio mkono unaofaa kuunda spika, maana sauti nayo ikipata tundu inatoroka. Nimeunda jozi sita mpaka sasa. Ya kwanza ilinguruma kama ng’ombe aliyezuiliwa maji. Ya pili ilikuwa nzuri kwa waimbaji wa kike, ila wanaume wote waliimba kama mapadri. Ya tatu mama aliigeuza kibanda cha kuku, na nakuapia, kuku wale walitaga kuliko wengine. Umeme mtaani kwetu hakuna, kwa hiyo natumia betri ya gari, nayo inakufa kila ngoma inapokolea.

Na sasa tuna klabu. Kila Jumapili baada ya kanisa tunakutana nyumbani kwa mmoja wetu, jazi tupu. Hutuoni hivihivi: kofia imekaa upande, suruali imenyooka, viatu unaweza kujitazama meno. Wanawake wanapika matumbo na ugali, mtu akitaka kucheza anacheza peke yake, taratibu, kama anayefikiri kwa miguu. Na hakuna kuongea sahani ikipigwa. Anayeongea ananunulia wote bia.

Kuna mzee mmoja anaitwa Sekgobela, mwalimu mkuu, anatoka Atteridgeville na spika za kununua. Anapenda kunichokoza. “Nakedi, hizo zako zinakuja na maua au maua tununue wenyewe?” Namwambia asubiri.

Sijafika bado, kaka. Nikipiga sahani yako naipata besi, naipata ngoma, lakini wewe bado si wewe. Nasogea tu.

Nakedi

*

Kopenhagen, 9 Januari 1972

Nakedi,

Hongera kwa kuoa. Mwambie shemeji nimempenda kwa swali lile moja.

Kweli, safari zimekuwa nyingi. Kurekodi kumechelewa kwa mambo ya mikataba, huku kila kitu ni karatasi. Lakini nipo kwenye muziki, kila siku mikono yangu imo kwenye muziki.

Nimeona unasumbuka na mngurumo. Sanduku lako ni kubwa kupita koni inayotoa sauti, na ukuta wa nyuma unatikisika. Weka ubao wa kukingama ndani, si katikati kabisa, pembeni kidogo. Jaza sufi ya kondoo theluthi moja. Koni yenyewe iwe ya karatasi nyepesi, na ukingo wake uwe laini kama ukope. Ukiigonga kwa kucha isilie, iseme tu “tup”.

Mama anasemaje akisikia ule wimbo?

Madimetja

*

Mamelodi, 30 Machi 1972

Kaka,

Ubao wa pembeni umefanya kazi! Mngurumo umekwisha. Lakini tangu lini mpiga saksafoni akajua ukingo wa koni ulivyo? Nimemsomea Mokgaetji barua yako mara mbili. Anasema Ulaya hata wanamuziki wanasomeshwa ufundi.

Unauliza mama. Mama anakaa kiti cha mbele. Wageni wakija anawaambia, “Yule ni mwanangu.” Husema hivyo tu, halafu anakunja mikono. Hata Sekgobela humvulia kofia.

Nakedi

*

Mamelodi, 12 Septemba 1976

Kaka,

Tu hai. Mokgaetji na mtoto wetu Phuti wazima.

Kazi yangu imekuwa nyingi mno tangu Juni, na vipimo vya majeneza vimekuwa vifupi. Sitaandika zaidi.

Klabu haikutani. Spika nimezifunika shuka.

Nakedi

*

Kopenhagen, 3 Oktoba 1978

Mdogo wangu,

Mchungaji wa Kilutheri anayeleta barua hii ana kifurushi chako. Kifungue kwa mikono safi. Ndani kuna koni mbili kubwa na mbili ndogo, zimefungwa kwenye soksi zangu za sufu. Soksi pia ni zako.

Nimezipata kwa rafiki yangu wa kiwandani. Ni zile wanazozitenga kwa ajili ya wateja wanaojua wanachotaka. Kila moja imepimwa na kubandikwa kwa mkono na mtu asiyeharakisha. Hutapata nzuri kuliko hizo, si huko wala huku. Nasema hivi bila aibu.

Mbao chagua mwenyewe, kwenye mbao mimi si mtu wa kukufundisha.

Madimetja

*

Mamelodi, 29 Aprili 1979

Kaka Madimetja!

Keti kwanza.

Nilichagua mninga. Mzee mmoja wa reli aliniuzia magogo aliyoyaanika miaka kumi na moja, mekundu kama chai iliyokolea. Nilikata kila ubao nikiupiga kwa kifundo cha kidole na kuusikiliza, wenzangu kazini wakasema Moabelo sasa anabisha hodi kwenye mbao. Miezi minne. Hakuna msumari hata mmoja, ni viungo na gundi tupu. Umeme nao umefika mtaani kwetu mwezi wa pili, kana kwamba ulikuwa unanisubiri mimi.

Jumapili iliyopita klabu yote ilikuja kwangu. Sekgobela alifika na spika zake mpya kutoka Uingereza, ndefu kama mlango, zimebebwa na wanaume wanne.

Akasema, “Nakedi, leo umetuletea majeneza mangapi?”

“Mawili, mwalimu. Moja lako, moja la spika zako.”

Watu wakapiga makofi kabla hata muziki haujaanza.

Tukapiga zake kwanza. Ni nzuri, sitasema uongo. Zina sauti ya mtu aliyevaa suti. Kisha nikapanda kiti, nikaishusha ile sahani ya nne kutoka juu ya kabati, nikafungua kitambaa. Miaka kumi na minne haijaguswa. Nikampa Mokgaetji, ndiye aliyeweka sindano.

Kaka, ukuta uliondoka. Sina namna nyingine ya kusema. Ngoma zikaja kukaa pale penye dirisha, nikasikia kiti cha mpiga kinanda kikilia, nikasikia mtu anasugua kiatu sakafuni kuhesabu. Na ile saksafoni ikaingia chumbani kwa miguu yake. Hakuna aliyecheza. Wimbo ulipokwisha, Sekgobela alikuwa ameshika kofia kwa mikono yote miwili. Akasema neno moja: “Rudia.” Tulirudia mara tano. Alipoondoka aliacha spika zake kwangu wiki nzima, anasema ataona aibu kupita nazo mlangoni kwake.

Mama alikuwa kiti cha mbele. Naye alisema, “Yule ni mwanangu.”

Nimefika, kaka. Tangu Jumapili natembea Mamelodi nzima kifua mbele, Phuti ananiambia baba utaanguka kinyumenyume. Hakuna nyumba yenye sauti kama hii kutoka hapa mpaka baharini, na anayebisha aje Jumapili.

Nina swali moja dogo tu. Siku ile ya kurekodi, kulikuwa na saksafoni ngapi?

Nakedi

*

Kopenhagen, 15 Julai 1979

Mdogo wangu,

Nimeisoma barua yako nikiwa nimesimama, nikaketi, nikaisoma tena. Nimejivunia mikono yako kuliko nilivyowahi kujivunia kitu chochote changu mwenyewe. Hilo lichukue kama lilivyo.

Saksafoni zilikuwa mbili, mimi na Tladi.

Kiangazi cha huku ni kifupi sana mwaka huu. Mvua, mvua, halafu jua la siku tatu, kila mtu anavua shati bustanini. Samaki wamepanda bei. Nimehamia chumba kingine, anwani iko nyuma ya bahasha.

Madimetja

*

Mamelodi, 6 Juni 1986

Kaka,

Mama ametutoka Jumanne, saa nne asubuhi. Hakuteseka. Najua usingeweza kuja, na yeye alijua, kwa hiyo usijitese kwa hilo.

Jeneza nimeliunda mwenyewe kwa ule mninga uliobaki kwenye spika. Nililifunga kama ninavyofunga kitu cha kutunza sauti. Watu walilishika tu njia nzima mpaka makaburini.

Jumapili yake ya mwisho kabla hajalazwa aliomba wimbo wako. Kuna jambo aliniambia siku hiyo, lakini halifai barua inayofunguliwa njiani. Nitakuambia ukirudi. Utarudi.

Nakedi

*

Kopenhagen, 20 Januari 1991

Mdogo wangu Nakedi,

Wanasema sasa sisi tuliozuiwa ng’ambo tunaweza kurudi. Nimepata ruhusa, nitakuja Agosti kwa wiki tatu. Lakini sitapanda ndege kabla hujaisoma barua hii, na ukiisha kuisoma, ukisema nisije, sitakuja.

Si mimi ninayepiga kwenye “Treni”.

Siku ile studio, yule Mzungu nyuma ya kioo aliinua kidole, nikaona maikrofoni, na midomo ikanikauka. Nilijaribu mara tatu, mara tatu sauti ilipasuka kama ya bata. Mzungu akatazama saa yake, akasema, “Badilishaneni.” Tladi akafuta mdomo kwa mkono wa shati, akapiga mara moja tu, basi. Mimi nikachukua nafasi yake nyuma. Karatasi ya jina ilikuwa imeshaandikwa. Nilitaka iandikwe upya, Tladi akacheka. “Acha, bwana, hii iwe yako. Mimi zangu zinakuja.” Hazikuja. Wewe ndiye uliyeniandikia kwamba amekufa, kwenye barua ileile uliyonisifia sahani.

Mkanda wa ule wimbo, kabla hata sahani haijatoka, ndio uliofanya nichukuliwe kuja Ulaya. Kila jukwaa waliniomba niupige, nami niliupiga sauti kwa sauti kama alivyoupiga Tladi, na kila usiku nilijisikia mwizi. Mwaka 1968 niliuza saksafoni. Hakukuwa na mikataba wala safari. Nilipata kazi kwenye kiwanda cha spika nje ya mji. Nabandika koni. Miaka ishirini na miwili sasa, nazungusha waya, napaka gundi, napima, nasikiliza. Zile nne nilizokutumia nilizibandika mimi. Nilikwambia ni za mtu asiyeharakisha. Hilo tu ndilo lililokuwa kweli.

Umetumia maisha yako kuunda spika ili unisikie mimi, na muda wote ulikuwa unamsikiliza mtu mwingine. Mama amekufa akisema “yule ni mwanangu”. Sijui mtu anaomba msamaha vipi kwa jambo la namna hiyo.

Nakuomba kitu kimoja. Nikifika, usinipigie ule wimbo.

Madimetja

*

Mamelodi, 17 Februari 1991

Kaka yangu,

Njoo. Usiponijia Agosti nitakufuata huko na kofia yangu, na baridi yenu itanijua.

Sasa nisikilize wewe. Nilijua.

Nilijua tangu Jumapili ile ya 1979. Ulidhani nimeuliza idadi ya saksafoni kwa sababu gani? Ulipokuwa na miaka tisa ulianguka kutoka paa la mzee Molefe, ukavunja pua, na tangu hapo kila ukivuta pumzi kuna kafilimbi kadogo. Nililala nawe kitanda kimoja miaka kumi na mbili, hako kafilimbi nakajua kuliko jina langu. Santuri ya mjomba haikuweza kunionyesha pumzi. Jozi zangu zote za mwanzo hazikuweza. Koni zako ndizo zilizoweza. Yule wa mbele alivuta pumzi kavu, ya mdomoni, pumzi ya mtu mwenye kifua kibovu. Ulibandika kwa mkono wako kitu kilichokusema, kaka, na kilikusema kwa sababu ulikibandika vizuri.

Nilitaka kukasirika. Siku mbili nilikuwa nimekasirika hasa, Mokgaetji akaniuliza kama nimeumwa jino. Halafu nikarudia sahani nikiwa peke yangu, adhuhuri, na nikakutafuta. Nikakupata. Uko nyuma, chini ya Tladi, umeshika sauti moja ndefu. Na mara ya tatu wimbo unapozunguka, Tladi anapotea. Umesahau? Anaingia mapema, hajui pa kutokea, bendi nzima inasita. Ni wewe unayepanda, sauti tatu tu, unamshika mkono, unamrudisha njiani, unashuka tena. Hakuna duniani aliyekusikia ukifanya hivyo. Ungemwacha aanguke, Mzungu angewarudisha nafasi zenu. Hukumwacha.

Nimejivunia zile sauti tatu miaka kumi na miwili, kimyakimya, na kwangu mimi kukaa kimya ni kazi ngumu, unanijua.

Nilinyamaza kwa ajili ya mama. Na hapa ndipo penye lile jambo ambalo sikuweza kuliandika. Jumapili yake ya mwisho tulikuwa wawili sebuleni. Wimbo ukafika pale. Mama akainua kidole akasema, “Hapo. Yule ni mwanangu.” Nikamtazama. Akasema, “Kwani wewe ulidhani namsema nani siku zote? Huyu wa mbele ni mtoto wa kina Tladi. Nilimjua tangu kwenye santuri ya kaka yangu. Wa kwangu yuko nyuma, anamshikilia mwenzake.”

Tangu kwenye santuri ya mjomba, kaka! Ndani ya ndoo! Mimi nimetafuta spika miaka kumi na minne ili nisikie alichokisikia mama siku ya kwanza. Nilicheka mpaka nikalia, naye akaniuliza kama chai ipo.

Hakuwahi kumdanganya mgeni hata mmoja. Ni wageni waliokuwa hawasikii.

Nimemwandikia Mapula, dada yake Tladi. Yuko Ga-Rankuwa. Sikumwambia kitu, nimemwalika tu Jumapili ya pili ya Agosti. Mengine utayasema wewe.

Na wimbo nitaupiga.

Mdogo wako,
Nakedi

*

Kopenhagen, 8 Desemba 1991

Mdogo wangu,

Nimerudi salama, na theluji imenikuta mlangoni. Nimechelewa kuandika kwa sababu kila nikishika kalamu narudi sebuleni kwako.

Nimesimama mbele ya watu wengi maishani, lakini si kama Jumapili ile. Zile kofia zote, vile viatu. Nilipowaambia kwamba si mimi niliyepiga, nilidhani sasa watanitoa. Kisha nikataja jina lake, Tladi Maphoso, na yule mama mnene wa jikoni akaitikia kama kanisani.

Halafu Mokgaetji akaweka sindano.

Sikumtazama mtu ila Mapula. Alikaa kile kiti cha mbele, mkoba mapajani, hajaelewa vizuri kwa nini ameitwa. Pumzi ya kwanza tu ilipovutwa, kabla hata ya sauti, alishika mdomo. Uliona? Miaka ishirini na saba, akamjua kwa pumzi. Wimbo ulipokwisha hakulia. Alisema, “Anapiga kama alivyokuwa akila. Haraka, kana kwamba kuna mtu atamnyang’anya sahani.” Watu wakacheka, naye akacheka, ndipo machozi yakamjia. Akanishika mkono akauliza, “Na wewe uko wapi humo?” Nikamwonyesha. Akaomba irudiwe ili anisikie na mimi.

Nilijisikia, Nakedi. Kijana wa miaka ishirini na sita, hana habari kama kuna atakayemsikiliza, anafanya kazi yake vizuri. Nilimpenda. Sikutegemea kumpenda.

Mzee Sekgobela alipokuwa anaondoka na fimbo yake alinisimamisha uani. “Kwa hiyo koni ni zako na masanduku ni ya huyu?” Nikasema ndiyo. “Basi mimi nimepigwa na ukoo mzima. Afadhali. Peke yake nisingekubali.”

Sasa nikwambie la leo. Asubuhi nilikwenda ofisi ya serikali kujaza fomu ya kurudi nyumbani moja kwa moja. Kiwandani nimeaga, nitamaliza mwezi wa tatu. Msichana wa dirishani alinipa kalamu, nikaandika jina, tarehe, mahali nilipozaliwa. Nikafika penye kazi. Kila karatasi niliyowahi kujaza nchi hii, hata hospitali, mahali hapo niliandika “mwanamuziki”, nikiomba mtu asiniulize zaidi. Leo niliandika “mtengeneza spika”. Msichana akasoma, akainua macho.

“Spika nzuri?” akauliza.

Nikamwambia hakuna nzuri kuliko hizo kutoka Mamelodi mpaka baharini, na anayebisha aje Jumapili.

Kaka yako,
Madimetja